Udongo wa Nyuma ya Jiko

Wajukuu zangu, picha mliyonitumia kwenye simu nimeiona. Niliitazama asubuhi, nikaitazama tena baada ya kuinjika chai. Majani ya chini yameanza unjano pembeni, yakavunjika shingoni, na sasa yananing'inia kuuzunguka mgomba kama kanga iliyofungwa kiunoni. Jani la juu kabisa bado limesimama kijani, peke yake. Chini, shina limepasuka. Mkaandika: "Bibi Anjela, dawa yake nini?"

Jibu fupi ni kwamba dawa ya kunyunyizia haipo. Jibu refu nimeona niwaandikie, maana mimi si msemaji. Kwenye kikao chenu cha juzi nilikaa nyuma mpaka chai ikanipoa mkononi. Shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito kwenye kalamu, lakini kuandika kuna raha yake: hamwezi kunikatiza.

Kwanza hakikisheni ugonjwa wenyewe. Chukueni kisu, kateni kipande cha shina karibu na ardhi. Mgomba mzima ndani ni mweupe kama nazi changa. Huu wenu mkiuona una mistari ya kahawia au nyekundu, kama nyuzi zilizochovywa kwenye chai ya rangi, basi ni mnyauko. Kisu kichomeni motoni kabla hakijagusa mgomba mwingine. Mgomba wenyewe msiuburute kupitia shambani. Uacheni ufie hapo hapo, zungushieni miti, mtu yeyote asikanyage pale.

Mnyauko huletwa na kuvu inayokaa udongoni. Huingia kwenye mzizi, hupanda kwa njia zile zile mgomba unazopandishia maji, huziba njia moja baada ya nyingine. Mgomba hufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Nimeiona kazi hiyo maisha yangu yote na bado hunishangaza: kitu kisichoonekana kwa macho kinaangusha mti unaozidi urefu wa nyumba. Na mkiing'oa migomba yote, kuvu yenyewe haiondoki. Hulala udongoni miaka na miaka, inasubiri mgomba mwingine.

Ndiyo maana nataka niwaambie habari za udongo.

Wazazi wangu walikuja Tanga kukata mkonge, tukakaa kambi ya wafanyakazi. Mimi nikaajiriwa palizi kwenye shamba la majaribio ya migomba, kule Muheza chini ya milima, na huko nikabaki mpaka nilipostaafu. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Semboja, Msambaa mrefu, mwenye sauti ndogo. Siku zangu za mwanzo nilikuwa na haya kiasi kwamba nikiitwa jina nilikuwa naangalia jembe. Akanipandisha msituni, upande wa Amani, akaniambia nipige magoti na kuingiza mkono chini ya majani yaliyooza.

"Unasikia nini?"

"Joto," nikasema.

"Vizuri. Wenzako wote waliniambia 'uchafu'."

Akafunua majani. Chini yake kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, zimeshona jani na jani, jani na mzizi, mpaka mwisho wa macho yangu. Nikauliza ni nini. Akasema ni kuvu.

Nikaruka nyuma. "Si kuvu ndiyo inaua migomba?"

"Anjela, kambini kwenu kuna mwizi?"

"Yupo."

"Mbona hamjahama?"

Nikafikiri. "Kwa sababu tuko watu wengi."

"Basi," akasema, akarudishia majani taratibu kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Hilo "basi" nililibeba siku nyingi kabla sijalielewa. Udongo mzima una wakazi wengi. Wako wanaokula majani, wako wanaolinda mizizi, wako wanaokulana wenyewe kwa wenyewe. Kuvu ya mnyauko ikiingia humo hukosa pa kukaa, hukosa chakula, husukumwa. Haifi yote, lakini hupungua nguvu. Ikiingia kwenye udongo mtupu hujikuta katika nyumba isiyo na mtu, milango wazi. Mkishika konzi ya udongo wa msitu, kumbukeni mmeshika mji.

Alinifundisha na kipimo cha gilasi, nacho ndicho nilichokitumia mpaka mwisho kuliko vyombo vyote vya ofisini. Chukueni bonge dogo la udongo, likausheni kivulini, kisha mlishushe taratibu kwenye gilasi ya maji. Udongo uliokufa hubomoka hapo hapo, maji yakawa uji. Udongo ulio hai hukaa. Unautazama na wenyewe unakutazama.

Sasa niwapeleke kwa Bi Mwanahamisi.

Alikaa kijiji cha chini ya mlima, Mbondei kwa kabila, mjane, mwanamke safi kupita kiasi. Shamba lake la migomba lilianza mlangoni likashuka mpaka kijito, nalo lote lilikuwa kisukari, zile ndizi fupi tamu mnazozijua. Mbegu yake alipewa na mama yake, naye mama yake alipewa na wa kwake. Kijiji kile kilikuwa na desturi: binti akiolewa hutoka na chipukizi la mgomba wa kwao ndani ya pakacha, pamoja na bonge la udongo wa nyumbani, ili mche usijione mgeni huko uendako. Huupanda karibu na jiko la mumewe. Mkungu wa kwanza hurudishwa kwa mama mzazi. Mama akipokea mkungu ule hujua mwanawe ametulia.

Desturi nzuri. Lakini tulipoanza kuuliza mnyauko umefika vijiji gani, tulijikuta tunafuata harusi. Nyumba iliyooa kule, migomba inakauka. Iliyooa huku, hali ile ile. Ugonjwa ulikuwa unasafiri kwenye pakacha, ndani ya lile bonge la udongo, umebebwa kwa mapenzi.

Tulifika kwa Bi Mwanahamisi asubuhi, mimi na Mzee Semboja. Shamba lilikuwa jeupe kama ukumbi wa msikiti. Alikuwa amelipalilia kwa jembe mpaka mizizi ikaonekana, kisha akalifagia.

"Shikamoo, Bi Mwanahamisi."

"Marahaba, mwanangu. Tazama shamba langu. Kuku akidondosha unyoya mimi nauona." Kisha sauti ikashuka. "Lakini linakufa."

Kweli lilikuwa linakufa. Kuanzia kijitoni kupanda, kanga za njano kila mgomba. Kwenye mashina niliona weupe fulani, nikachota kidogo kwa kidole. Chumvi.

"Nilisikia watu wa Pangani wanatia chumvi kwenye minazi," akasema.

Mzee Semboja akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Bibi wewe, mgomba huu unautibu au unaufanya samaki ng'onda?"

"Kalale, Msambaa wewe! Kwenu baridi mpaka ndizi hazijui kuiva, leo unakuja kunicheka mimi!" Akacheka, kisha akakaa kwenye kigogo na kicheko kikamtoka usoni. "Zuhura anaolewa baada ya mfungo. Ni binti yangu wa pekee. Atatoka kwangu na pakacha tupu?"

Mzee Semboja alikata shina mbele yake, akamwonyesha nyuzi nyekundu. Kisha akaomba maji ya kunawa, akazunguka nyuma ya jiko kabla hajaonyeshwa njia.

"Huko usiende!" Bi Mwanahamisi akainuka mbio. "Huko si pa mgeni!"

Alikuwa ametundika mkeka mkuukuu kwenye kamba kuziba pale. Nikamsikia Mzee Semboja ananiita. Hakuniita kwa sauti ya kawaida. Nikainua mkeka.

Wajukuu zangu, niliona migomba michache ya kisukari iliyonenepa mpaka mikono yangu miwili haikukutana kuizunguka. Majani yalikuwa kijani kizito, mapana, hayana hata doa pembeni. Chini palikuwa jalala. Majivu ya miaka na miaka, makumbi ya nazi, maganda ya mihogo, mavi ya kuku, maji ya kuoshea vyombo, na juu ya yote, majani ya migomba aliyokuwa anayafagia shambani kila siku. Chakula chote cha shamba lile alikuwa amekitupa pale. Na jembe halikuwahi kufika, maana nani hulima jalala?

"Na mnyauko umeshaletwa hapa," Mzee Semboja akaninong'oneza. "Ameuleta mwenyewe kwa ufagio, sijui mara ngapi. Tazama."

Nikatazama. Sikumbuki kanisa nililowahi kuingia nikanyamaza vile.

Nikaomba gilasi mbili. Tukakausha mabonge mawili kivulini huku tukipewa uji, kisha tukayatia majini, moja la shambani na moja la nyuma ya jiko. La shambani halikufika chini, liliyeyuka njiani. La pili lilikaa. Bi Mwanahamisi akainama mpaka pua ikakaribia gilasi. Tulipokuwa tunaaga lilikuwa bado limekaa, na maji juu yake yako safi.

"Hapa ndipo naona aibu kumpitisha mtu," akasema, bila kumwambia yeyote.

Kisha akasimama akapiga makofi. "Basi yamekwisha! Zuhura atachukua chipukizi la hapa."

"Hapana, bibi," Mzee Semboja akasema.

"Hapana nini?"

"Huenda kuvu imo ndani ya mizizi hii, imezidiwa tu na wenzake. Hapa mwizi anazungukwa na watu. Ukimhamishia kwa Zuhura, kwenye mchanga mtupu, nani atamshika?"

Nilidhani atatufukuza. Macho yalimjaa machozi. "Kwa hiyo umenionyesha mtoto wangu mzima ili unikataze kumbeba?"

Mimi ndiye niliyesema, na mpaka leo sijui sauti niliipata wapi. Nikamwambia kwenye kituo chetu kuna mama wa maabara anayeweza kuchukua kiini cha katikati kabisa ya chipukizi, kidogo kama punje ya mchele, mahali ambapo kuvu haijafika, akakikuza ndani ya chupa mpaka kikawa miche. Ni mbegu ile ile ya mama yake, bila udongo.

"Harusi itangoja?"

"Haitangoja. Miche itachelewa."

"Basi siku hiyo atabeba nini?"



Siku ya kumtoa Zuhura nilifika na ndoo, brashi na sabuni. Miguu ya bibi harusi ilikuwa imepigwa hina mpaka kwenye vifundo, maua na majani, kazi ya siku nzima, na kutoka ndani mpaka kwenye gari ilimbidi apite shambani. Bi Mwanahamisi akaninyang'anya brashi. Akamkalisha mwanawe mpakani mwa shamba, akamvua viatu, akaanza nyayo.

"Yarabi!" shangazi mtu akapiga kelele. "Bibi harusi mnamsugua kama sufuria ya pilau!"

"Hina yangu, mama," Zuhura akasema.

"Hina haitoki. Unaotoka ni udongo."

Wanawake wakacheka, wengine wakaanza kuimba kufunika aibu. Bi Mwanahamisi hakuimba. Alisugua katikati ya vidole, akasugua kisigino, akasugua soli za viatu, akavisuuza. Alipomaliza, Zuhura akauliza, "Na pakacha?"

"Litakuja. Wewe tengeneza nyuma ya jiko lako kwanza."

Ndivyo alivyotoka, miguu safi, mikono mitupu.

Aliolewa upande wa Pangani, ardhi ya mchanga yenye minazi. Nilikuwa namtembelea nikipata nafasi. Kwanza tulitia bonge kwenye gilasi, likatoweka kama sukari. Nikamwambia hivi, nanyi nawaambia: tafuta kila kinachooza. Samadi ya mbuzi iliyokwisha kuiva, majani, makumbi yaliyolowa, kisha majivu, lakini kiasi. Majivu mengi huunguza. Mbolea ya chumvichumvi usikimbilie. Panda kunde zifunike ardhi jua lisiione. Maji yasituame. Na jembe kaa nalo mbali na mizizi, maana kila mzizi uliokatwa ni mlango.

Zuhura akaokota. Akazoa majani kwa majirani, akaomba samadi, akapita na gunia asubuhi kabla watu hawajafagia. Mama mkwe wake, Bi Tatu, akashika kiuno.

"Mwanangu, tumeoa mke au tumeoa jalala?"

"Mmeoa vyote viwili, mama," Zuhura akamjibu, "na jalala ndilo litakalokulisha."

Bi Tatu alisimulia jibu hilo kijiji kizima, kwa hasira mara ya kwanza, baadaye kwa majivuno. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Nikafika siku moja na gilasi yangu. Bonge likakaa. Mchanga ule wa pwani, niliouona unamwagika kama unga, ulikuwa umejishika. Bi Tatu akaita majirani waje waone tope halitaki kuyeyuka, nao wakaja.

Miche ilipofika Bi Tatu aliikodolea macho. "Hii? Hii si vitunguu?" Mmoja ulikufa, siwafichi. Iliyobaki ilikamata ardhi ikaenda juu kana kwamba imeitwa.

Mkungu wa kwanza ulipokomaa, Zuhura hakuutuma kwa mama yake kama desturi. Alimpigia simu akamwambia aje aukate mwenyewe. Tulisafiri pamoja. Bi Mwanahamisi alivaa baibui jipya, lakini alfajiri ile alikuwa ameshuka shambani kwake kuangalia migomba ya malindi aliyopanda, aina ambayo ugonjwa wetu haukuiweza, akiwa na viatu vile vile alivyosafiri navyo. Siku hizo shamba lake lilikuwa limefunikwa majani kila mahali. Ufagio ulikuwa unaishia uani.

Tulipotokeza uani kwa Bi Tatu akaiona migomba ya mwanawe. Ilikuwa imepanda juu ya paa la jiko, kijani kile kile cha nyuma ya jiko lake, na mkungu umeinama unamwangalia. Akatupa mkoba akaanza kwenda mbio, mikono mbele, kama anayemwendea mtoto.

"Mama! Simama hapo hapo!"

Zuhura alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, ameshika ndoo na brashi.

Bi Tatu akashika mdomo. "Ebo! Mama yako mzazi?"

Nilimtazama Bi Mwanahamisi, nikaogopa. Alikuwa ameganda, mguu mmoja mbele. Alikitazama kiatu chake. Soli ilikuwa na tope lililokauka, jekundu, la kwao, la mama yake na la mama wa mama yake, udongo ule aliotaka mwanawe apewe siku ya harusi.

Akarudi nyuma hatua moja. Akaketi kwenye kinu kilicholala pale, akavua viatu, akanyoosha mguu.

"Sugua," akasema. "Kisigino usikisahau."

Zuhura akapiga magoti akasugua. Hakuna aliyecheka, hata Bi Tatu. Ila Bi Mwanahamisi alianza kuimba, kwa sauti ya chini, ule wimbo ambao hakuuimba siku ya harusi.

Kisha akaingia peku peku, majani yaliyooza yakimfika vifundoni. Hakwenda kwenye mkungu. Aliinama kwanza akaingiza mkono chini, akakaa nao humo.

"Joto," akasema.

Wajukuu zangu, shamba lenu la bondeni bado lina migomba mingi mizima. Msilifagie. Anzeni leo kukusanya, na pale penye ugonjwa pandeni malindi, kisukari kisubiri. Udongo msiniletee kwenye mfuko. Nitakuja mwenyewe Jumamosi na gilasi yangu. Wekeni ndoo mpakani, na sabuni, na brashi ngumu. Nimepita mashamba mengi wiki hii. Nikifika nitasimama hapo hapo mpaka mmoja wenu aje kunisugua.